Kabla Hujaifungua Mota: Msumeno wa Meza Unapoharibu Mbao

Msumeno wa meza ukianza kuunguza mbao, kukwama au kuunguruma, mkono wa fundi hukimbilia mota. Mota inafunguliwa, inapelekwa kwa msukaji wa koili, inarudi baada ya wiki, na mbao zinaendelea kuungua vilevile. Naandika haya kwa ajili ya maseremala wenzangu wa Unguja na Pemba wanaotoa pesa kutengeneza mota isiyo na kosa. Mara nyingi ugonjwa wa mashine hizi ni wa vipimo: bledi, meza na fensi (ule ukingo unaoongoza mbao wakati wa kupasua) havikai sambamba. Kuugundua kunataka guni nzuri (kipimo cha pembe mraba) yenye rula ya kusogea, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kalamu ya wino na nusu saa ya utulivu.

Kwanza plagi itoke ukutani. Kuzima swichi hakutoshi; itoe plagi na uiweke juu ya meza pale unapoiona. Kwetu umeme hukatika na kurudi bila hodi, na mashine yenye swichi ya kawaida iliyoachwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe umeme ukirudi, mkono wako ukiwa juu ya bledi. Kwa sababu hiyo nawasihi wote wenye karakana wafunge swichi ya sumaku, ile inayojiachia umeme unapokatika na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Hata kama pesa ni ya kubana, hiyo inunuliwe kabla ya bledi mpya.

Sasa tupime. Juu ya meza kuna mfereji ambamo geji ya pembe, kile kifaa cha kusukumia mbao kwa pembe, hupita. Mfereji huo ndio msingi wa vipimo vyote, kwa sababu fensi husogea, bledi hupanda na kushuka, lakini mfereji uko palepale. Nyanyua bledi mpaka mwisho. Chagua jino moja lililoelekea upande wa mfereji, ulitie alama ya wino. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino hilo lije mbele, juu kidogo ya meza. Egemeza guni kwenye ukuta wa mfereji, sogeza rula mpaka ncha yake iguse jino kwa mbali, kisha ukaze skrubu. Zungusha bledi ili jino lilelile liende nyuma, uipeleke guni huko nayo. Lisogeze jino polepole kwenye ncha ya rula, usikilize. Likigusa kwa sauti ileile nyembamba uliyoisikia mbele, bledi iko sambamba na mfereji. Likikwaruza kwa nguvu, bledi imeegemea mfereji upande wa nyuma. Lisipogusa kabisa, imekwenda mbali, na fila geji itakwambia ni kwa kiasi gani.

Tofauti ya 0.1 mm iache ilivyo. Ikifika 0.2 mm utaanza kuona mikwaruzo ya meno ya nyuma kwenye mbao, na ikifika 0.5 mm mbao itaungua, mota itahema, na kuna siku mbao itarudi kwako kwa kasi. Sababu ya kutumia jino moja mbele na nyuma ni hii: bledi yenyewe inaweza kuwa na kipindo kidogo. Ukipima jino moja mbele na jingine nyuma, unapima kipindo cha bledi na kosa la meza kwa pamoja, na hutajua lipi ni lipi.

Kurekebisha kunategemea mashine. Kwenye mashine nzito za kabati, meza hufungwa juu ya kabati kwa bolti, aghalabu nne. Legeza tatu, ya nne ibaki imebana kidogo ili meza izungukie hapo, kisha gonga ukingo wa meza kwa nyundo ya mbao. Gonga kidogo mno, 0.2 mm ni pigo moja au mawili. Kwenye mashine nyepesi, chuma kinachobeba shafti (mhimili unaozungusha bledi) kimening'inia chini ya meza kwa bolti za mbele na za nyuma. Hapo legeza za nyuma tu, usogeze, ukaze. Kila unapokaza, pima tena, kwa maana kukaza kwenyewe husogeza chuma. Wengi huharibu kazi nzuri hapo: wanapima bolti zikiwa legevu, wanakaza kwa nguvu zote, wanaondoka.

Kama mashine yako hulaza bledi, ilaze mpaka digrii 45 ukapime tena. Bledi ikiwa sawa kwenye 90 na ikakosea kwenye 45, meza iko juu zaidi upande mmoja, mbele au nyuma. Dawa yake ni kutia kipande cha bati chini ya meza kwenye bolti za upande ulio chini. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu 0.1 mm, kwa hiyo vipande viwili ni karibu 0.2 mm. Likate kwa mkasi, litoboe tundu la bolti, basi.

Mfereji na bledi vikiwa sawa, fensi ni kazi rahisi. Isogeze mpaka iwe juu ya ukingo wa mfereji, uikaze, kisha pitisha kidole mbele na nyuma ukisikiliza kama fensi na ukingo wa mfereji viko usawa mmoja. Nyuma ikiwa wazi kwa 0.1 mm, hata 0.2, hakuna neno. Nyuma ikijifunga, hata kwa unywele, usiwashe mashine. Mbao inayopita kati ya fensi iliyojifunga na meno ya nyuma haina pa kwenda. Meno ya nyuma yanapanda kutoka chini ya meza na kuja upande wako. Bledi ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huwa na kasi ya mita 53 kwa sekunde kwenye ncha za meno, zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Mbao ikishikwa hapo hurushwa kwa mwendo unaokaribia huo, na hakuna mkono wa binadamu unaoizuia. Wakati wa kupasua, simama pembeni ya mstari wa bledi. Kipande kikiwa chembamba kuliko sentimita 15, tumia kijiti cha kusukumia.

Hapa nina la kusema kuhusu kisu cha nyuma ya bledi, kile kipande cha chuma chembamba kinachoingia kwenye njia ya mkato ili mbao isijifunge. Katika karakana nyingi kimetolewa na kutupwa kwenye sanduku la misumari kwa sababu "kinasumbua". Kinasumbua kwa sababu unene wake haulingani na bledi iliyofungwa. Kisu kinatakiwa kiwe kinene kuliko bamba la bledi na chembamba kuliko njia inayoachwa na meno. Mfano: bledi ina bamba la 2.0 mm na meno yake yanakata 2.8 mm, kisu cha 2.3 mpaka 2.5 mm kitakaa vizuri. Ukinunua bledi ya meno membamba ya 2.2 mm ukaacha kisu cha 2.5, mbao itagota kwenye kisu, na wewe utakilaumu kisu. Nafasi kati ya kisu na meno iwe 3 mpaka 8 mm, na kilele chake kiwe chini kidogo ya kilele cha bledi ili uweze kukata hata mfereji usiotoboa. Kichukue kwenye sanduku, ukinyooshe juu ya bamba la chuma lililo sawa, ukirudishe mahali pake.

Kwetu kisu hicho kina kazi zaidi kwa sababu ya mbao zetu. Mfenesi na mwembe mara nyingi hupasuliwa kabla havijakauka, kwa kuwa mteja anasubiri kitanda. Mbao mbichi, au iliyokauka nje ikabaki na maji ndani, ina mkazo wake. Ukiipasua, vipande viwili hujikunja na kuubana msumeno hata kama vipimo vyote viko sawa. Mbao inayojifunga namna hiyo usiilazimishe. Zima mashine, ngoja bledi isimame kabisa, tia kabari kwenye mkato, uendelee. Na mbao iliyopinda kama mashua usiipeleke kwenye msumeno kabla ya kuinyoosha upande mmoja kwa randa, kwani kila inapoyumba juu ya meza hubana bledi.

Alama ya moto ina habari yake ukiisoma. Mbao ikiungua upande wa fensi, nyuma ya fensi imejifunga. Ikiungua upande wa kipande kinachoanguka, ama nyuma ya fensi imefunguka mno, ama bledi imeegemea upande huo. Ikiungua pande zote mbili kwa urefu wote, bledi imefubaa, ina utomvu, ina meno mengi kupita kiasi, au unasukuma polepole mno. Ikiwa ni doa moja tu mahali pamoja, ulisimama kubadilisha mkono. Hilo la mwisho halitaki spana wala pesa. Panga miguu na mikono yako kabla ya kuanza, mbao ipite kwa mwendo mmoja.

Kuhusu meno, maseremala wengi wana bledi moja ya meno 60 au 80 na wanapasulia kila kitu. Inakata kwa usafi ukikata mbao kwa upana, ndiyo. Lakini ukipasua kwa kufuata nyuzi, kila jino linazoa unga mrefu, na bonde dogo kati ya jino na jino hujaa kabla halijatoka upande wa pili wa mbao. Unga uliojaa husuguana, hupata joto, bamba la bledi linatanuka na kuanza kuyumba. Kwa kupasua, bledi ya inchi 10 iwe na meno 24 mpaka 30. Kwa kukata upana na plaiwudi, 60 mpaka 80. Ukiwa na uwezo wa bledi moja tu, chukua ya meno 40 na ukubali kwamba utapasua taratibu kidogo. Kimo nacho kina kanuni: meno yote yawe juu ya mbao, bonde lionekane kidogo, si zaidi.

Utomvu ni jambo jingine. Maziwa ya fenesi yanaganda kwenye meno na kuyafanya yaonekane butu hali bado makali yapo. Kabla ya kupeleka bledi kunolewa, iloweke robo saa kwenye maji ya moto kiasi yenye magadi au sabuni ya unga, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe mara moja na kuipaka mafuta mepesi. Mafuta ya taa pia yanafaa. Magadi makali ya kuzibulia mabomba usiyatumie kwenye meno ya kabaidi, yaani yale yaliyobandikwa ncha ngumu sana.

Mnazi unaadabisha bledi zaidi ya mbao zote. Ganda la nje la shina ni gumu, lina chembechembe zinazofanana na mchanga, na bledi ya chuma cha kawaida hufubaa humo haraka sana. Moyo wake ni laini na hulegea. Tumia meno ya kabaidi, usukume bila kusita, na uitenge bledi ya mnazi isipasue mbao za thamani. Mvule una tabia ya kubeba vijiwe vya chokaa ndani yake. Ukiona doa jeupe gumu kwenye ubao, jaribu kwa ncha ya patasi kabla ya kuupitisha. Vumbi la mvule linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa ivaliwe. Na mbao kuukuu, za nyumba za Mji Mkongwe au za jahazi lililovunjwa, zipitishiwe sumaku pande zote. Msumari uliozama huonekana tu baada ya kung'oa jino.

Tuje kwenye kutikisika. Bledi inayoyumba huacha njia pana kuliko meno yake na ukuta wenye mawimbi. Ifungue. Ukumbuke kwamba nati ya shafti hufunguka kwa kuzungushwa upande ule bledi inakokwenda ikifanya kazi. Wanaosahau hilo hukaza mpaka wakavunja nyuzi za nati. Angalia flenji mbili zinazoibana bledi. Chembe moja ya utomvu iliyonasa karibu na shafti itazaa yumbo kubwa zaidi huko kwenye meno. Zifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kama kuna kovu limeinuka, liguse kwa msasa mwembamba uliolazwa juu ya kioo.

Bado inayumba? Tia alama kwenye shafti na kwenye bledi zikitazamana, tafuta jino linalojitokeza zaidi, kisha legeza nati, geuza bledi nusu mzunguko juu ya shafti, kaza, upime upya. Tokeo likihama pamoja na bledi, bledi imepinda. Likibaki upande uleule wa shafti, kosa ni la flenji au shafti. Kama tundu la bledi ni kubwa kuliko shafti, hiyo ni hadithi nyingine: mashine za Ulaya mara nyingi zina shafti ya 30 mm, za Marekani 15.88 mm, na bledi nyingi zina tundu la 25.4 mm. Tumia pete ya chuma yenye kipimo kamili. Kuzungushia karatasi au waya ni kuomba balaa.

Beringi huonekana kwa mkono. Toa mkanda, shika shafti, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe polepole, ukisikia mchanga ndani, zimekwisha vilevile. Namba imeandikwa pembeni mwa beringi. Zinazoonekana sana ni 6203 yenye tundu la 17 mm, 6204 ya 20 mm na 6205 ya 25 mm. Nunua zenye herufi 2RS, yaani zimezibwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu vumbi la mbao na hewa ya bahari huingia popote penye upenyo. Unapozitia kwenye shafti, gonga pete ya ndani tu kwa kipande cha bomba; ukigonga ya nje umeua beringi mpya kabla haijazunguka.

Baada ya hayo yote ndipo tuisikilize mota. Pasua ubao mnene, utege sikio. Bledi ikipunguza mwendo lakini sauti ya mota ikabaki juu ileile, pengine na harufu ya mpira, mkanda unateleza. Ukibonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja, na puli mbili zikae kwenye mstari mmoja; weka ubao ulionyooka ubavuni mwake uone. Sauti ya mota yenyewe ikishuka pamoja na bledi, ama kazi ni nzito, ama umeme ni mdogo.

Umeme mdogo si nguvu za giza; unapimika kwa multimita. Nguvu ya mota kuanza hushuka kwa mraba wa volti: ukiwa na 200 badala ya 230, inabaki na asilimia 76 tu. Na volti nyingi tunazipoteza wenyewe kwenye waya wa kuvutia umeme hadi kwenye mashine. Waya wa shaba wa 1.5 mm² wenye urefu wa mita 30 hupoteza volti 7 hivi kwa ampea 10, ila mota inapoanza ikavuta ampea 50, hupoteza karibu 36. Waya wa 2.5 mm² hupoteza 22. Tumia huo mnene, uwe mfupi, na usiuache umeviringishwa kwenye gurudumu lake maana utayeyuka. Pima volti kwenye plagi ya mashine wakati inakata, si wakati imelala. Wenye jenereta nao wakumbuke kuanza: mota ya kilowati 1.5 inataka jenereta ya kVA 4 au 5.

Mota ikivuma bila kuzunguka, zima upesi kabla koili hazijaungua. Toa mkanda, ujaribu tena. Ikizunguka bila mkanda, mzigo uko kwenye shafti ya bledi. Isipozunguka, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo kinachoweka chaji ya kuisaidia mota kuanza. Toa plagi, maliza chaji yake kwa kuunganisha vituo viwili kupitia balbu ya kawaida, kisha upime. Nunua yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za mwanzo. Kisha fungua kifuniko cha nyuma: kwenye mota nyingi za kapasita ya kuanzia kuna swichi inayoachia mota ikishapata kasi, na unga wa mbao uliolowa unyevu huigandisha. Brashi kavu na upepo wa pampu humaliza kazi. Mashine ndogo zenye kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zikitoa cheche nyingi, kaboni zitazamwe. Zikifika 5 mm zibadilishwe zote mbili. Mashine ya fezi tatu ikivuma bila nguvu, pima fezi zote, moja inaweza kuwa imekatika. Ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili zozote.

Wakati wa masika meza ya chuma hupata kutu kwa usiku mmoja. Sugua kwa msasa mwembamba wenye mafuta ya taa, kausha, paka nta ya nyuki au mshumaa, futa mpaka ing'ae. Mbao itateleza na hutalazimika kuisukuma kwa nguvu. Gia za kupandisha na kulaza bledi zioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha zipakwe nta au unga wa grafiti. Grisi usitie hapo. Inashika unga wa mbao na kuwa udongo mgumu unaozuia bledi kufika 90, ndiyo maana pembe hazikai. Jaribio la pembe ni jepesi: kata ubao, geuza kipande kimoja chini juu, vikutanishe kwenye mkato. Mwanga unaouona katikati ni kosa mara mbili.

Anayetaka kununua mashine iliyotumika kutoka nje aanzie kwenye sahani ya mota. Ya Japani itaandikwa volti 100, na ukiitia kwenye 230 yetu bila transfoma itaungua papo hapo. Ya Marekani inaweza kuandikwa hezi 60 peke yake. Kwa hezi 50 zetu itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi, hata ukiipa volti sahihi. Iliyoandikwa 220 mpaka 240, hezi 50, ndiyo ya kulipia. Halafu toa guni mfukoni, tia alama jino moja, uipime hapohapo dukani kabla hujatoa pesa.